Kumuuguza Mgonjwa wa Vidonda vya Tumbo Nyumbani

Leo tutazungumza juu ya vidonda vya tumbo, ugonjwa ambao wengi wetu huuita alsa. Kama una kalamu na daftari karibu, vichukue, kwa maana kuna dalili za hatari ambazo ningependa uziandike na kuzibandika ukutani.

Kwanza nataka tuelewane juu ya jambo moja. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa unaopona. Katika nyumba nyingi mgonjwa wa alsa huzoeleka. Hununuliwa maziwa, hutafuna vidonge vya kutuliza asidi, na miaka hupita hivyo. Kumbe muda huo wote kidonda kinaendelea kuchimba, na siku moja kinaweza kufikia mshipa wa damu. Wewe unayempikia, unayemkumbusha dawa na unayeamka akilia usiku, ndiwe unayeweza kumsaidia apone kabisa.

VIDONDA HIVI NI NINI?

Chakula tunachomeza hushuka hadi katika mfuko wa chakula. Humo mna asidi kali inayosaidia kukisaga. Mfuko huo una utando wa ute unaoukinga usichomwe na asidi hiyo. Ute ukiharibika, asidi hula nyama ya ndani na kidonda hutokea. Kidonda kinaweza kuwa ndani ya mfuko wenyewe, au pale utumbo mwembamba unapoanzia, sehemu inayoitwa duodeni.

Mgonjwa husikia maumivu ya kuchoma kwenye chembe cha moyo, yaani juu ya kitovu na chini ya kifua. Mwenye kidonda cha duodeni mara nyingi huumwa akiwa na njaa au usiku wa manane. Akila hutulia, kisha baada ya saa mbili au tatu maumivu hurudi. Mwenye kidonda cha mfuko wa chakula huenda akaumia zaidi anapokula, kwa hiyo huogopa chakula na kukonda. Wengine hushiba upesi, huona kichefuchefu au tumbo hujaa gesi. Lakini usitegemee dalili hizi peke yake. Wako wagonjwa, hasa wazee, ambao hawaumwi kabisa mpaka siku wanapoanza kutokwa na damu.

VINALETWA NA NINI?

Zamani iliaminika kwamba alsa huletwa na mawazo mengi na pilipili. Mnamo mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua viini vinavyoishi ndani ya mfuko wa chakula. Viini hivyo huitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakuwaamini, hata mwaka 1984 Marshall akanywa viini hivyo yeye mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na alipopimwa, mfuko wake wa chakula ulikuwa umevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya udaktari. Ugunduzi wao ndio uliotuwezesha kutibu vidonda vingi kwa dawa za kuua viini.

Sababu ya pili kubwa ni dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na nyingine za jamii hiyo. Dawa hizi hupunguza ule ute unaokinga tumbo. Nyanya anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti yumo hatarini, hata kama hajawahi kulalamika juu ya tumbo. Sigara nayo huchelewesha kidonda kupona, na pombe huchoma tumbo. Pilipili na wasiwasi vinaweza kuongeza maumivu kwa baadhi ya watu, lakini usimlaumu mgonjwa kwamba alsa yake ni ya kujiletea kwa mawazo.

MPELEKE APIMWE

Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya. Viini vya Helicobacter vinaweza kupimwa kwa choo au kwa pumzi, na wengine huhitaji kuangaliwa tumboni kwa mpira wenye kamera. Mwambie mhudumu kama mgonjwa amekuwa akimeza omeprazoli au dawa za kuua viini, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuficha viini wakati wa kupima. Kwa kawaida omeprazoli huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, na dawa za kuua viini wiki nne.

Fahamu pia kwamba kipimo cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha alama ya viini hata baada ya mtu kupona. Wako watu waliotibiwa mara nyingi bure kwa sababu hiyo. Baada ya matibabu, uliza kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne tangu dawa za kuua viini kumalizika.

Mama mjamzito asikilizwe kwa makini. Kiungulia ni kawaida katika mimba. Lakini mimba ikipita wiki 20, maumivu makali juu ya tumbo pamoja na kichwa kuuma, macho kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba, huenda yakawa ni shinikizo la damu la mimba. Hiyo si alsa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile mtu mzima anayeumwa chembe cha moyo huku akitokwa na jasho jingi, akikosa pumzi, au maumivu yakipanda kifuani na mkononi, huenda ni moyo. Naye asingoje.

SIKU ZA DAWA

Mgonjwa mwenye viini kwa kawaida hupewa dawa ya kupunguza asidi, kama vile omeprazoli, pamoja na dawa mbili au zaidi za kuua viini. Mara nyingi humezwa kwa siku 14. Hapa ndipo wengi huanguka. Siku ya tano maumivu yamekwisha, vidonge ni vingi, mdomo una uchungu, naye anaziacha. Viini vilivyosalia huzoea dawa, na mara ya pili kuvitibu huwa kazi ngumu. Wewe mlezi fanya hivi:

1. Soma bahasha za dawa pamoja na mhudumu kabla ya kuondoka kituoni. Ikiandikwa 1x2, maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Usipoelewa, uliza tena. Hakuna aibu.

2. Chora mistari 14 kwenye karatasi, mstari mmoja kwa kila siku. Kila anapomeza dawa tia alama. Karatasi ikae mahali mgonjwa anapoiona.

3. Omeprazoli imezwe nzima, nusu saa hivi kabla ya chakula cha asubuhi, na kabla ya chakula cha jioni kama ni mara mbili. Dawa za kuua viini zimezwe kama ulivyoelekezwa.

4. Vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi visimezwe pamoja na dawa nyingine. Acha nafasi ya saa mbili.

5. Akipewa metronidazoli, asiguse pombe mpaka amalize dawa na siku tatu zipite.

6. Mdomo kuwa na ladha ya chuma, kichefuchefu kidogo au kuharisha kidogo hutokea. Mpe moyo aendelee. Lakini akitokwa na vipele, akivimba uso, akishindwa kupumua vizuri au akiharisha sana, rudini kituoni mara moja. Kama penisilini iliwahi kumdhuru, sema kabla ya kupewa dawa, kwa maana amoksilini ni ya jamii hiyo.

Sasa fungua kabati na mkoba wa mgonjwa, utoe dawa za maumivu. Soma pakiti, kwani dawa nyingi za kichwa za dukani zina aspirini ndani yake. Akiumwa na kichwa au mgongo, parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, kwa kipimo kilichoandikwa. Lakini kama daktari alimwandikia aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi, asiiache mwenyewe. Arudi kwa daktari wake aulize.

CHAKULA NA MAPUMZIKO

Hakuna haja ya kumpikia mgonjwa chungu chake peke yake. Ugali, wali, viazi, ndizi, mboga, mayai, samaki, maharagwe yaliyoiva vizuri, vyote ale. Cha muhimu ni kula kwa wakati na asikae na njaa kutwa nzima. Kama chakula fulani humuumiza, iwe ni pilipili, chai ya rangi au uji mchachu, kiache hicho, wala usimkataze vingine vyote. Mgonjwa aliyekatazwa kila kitu hudhoofika, na kidonda huhitaji chakula kizuri ili kipone.

Wengi huuliza juu ya maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini si dawa ya alsa. Hutuliza kwa muda mfupi, kisha mfuko wa chakula hutoa asidi zaidi. Anywe kama chakula. Maji ya magadi nayo yasitumiwe. Huleta gesi nyingi na chumvi yake ni mbaya kwa mwenye shinikizo la damu. Mitishamba usiifanye badala ya matibabu, na kama anaitumia, mwambie mhudumu.

Mgonjwa asilale mara baada ya kula. Apewe saa mbili au tatu. Kama anavuta sigara, zungumza naye kwa upole, maana kuacha kutamsaidia kuliko chakula chochote utakachompikia.

DALILI ZA HATARI: ANDIKA HIZI

Hapa chukua kalamu. Mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi ukiona lolote kati ya haya:

- Anatapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa.
- Choo chake ni cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya.
- Maumivu makali ya ghafla, na tumbo limekuwa gumu kama ubao.
- Anazirai, ana kizunguzungu, jasho baridi, au amepauka.
- Anatapika kila anachokula.

Najua wengi huona haya kuuliza habari za choo, hasa kwa mzee au mama mkwe. Lakini damu inayotoka kwenye kidonda hupitia utumbo na kugeuka nyeusi, kwa hiyo huenda msione wekundu wowote. Mgonjwa anaweza kupoteza damu nyingi chooni bila mtu kujua. Uliza kwa heshima: "Mama, choo chako leo kilikuwa na rangi gani?" Swali hilo limeokoa watu.

Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kufanya choo kiwe cheusi au kijani kibichi kilichokolea, na dawa zenye bismathi pia hufanya choo na ulimi kuwa vyeusi. Choo cha namna hiyo kwa kawaida hakinati kama lami wala hakina ule uvundo. Ukiwa na shaka, mpeleke apimwe.

Mkiwa mnajiandaa kwenda, mlaze chini na umfunike. Akitapika, mgeuze ubavu asije akapaliwa. Usimpe chakula, maziwa, maji wala dawa yoyote ya maumivu, na usimkande tumbo. Asipandishwe bodaboda akiwa anazirai. Tafuteni gari alale. Chukua bahasha zote za dawa anazotumia. Jamaa wawili watatu waandamane naye, kwani damu huenda ikahitajika.

Pia, bila dharura, mpeleke kwa daktari mgonjwa anayekonda bila sababu, anayeshindwa kumeza chakula, anayeishiwa damu, au mtu wa makamo aliyeanza kuumwa na tumbo hivi karibuni. Wakati mwingine kinachoonekana kama alsa huwa ni saratani, na ikigunduliwa mapema kuna nafuu.

KUWAKINGA WATOTO

Watu wengi huambukizwa Helicobacter wakiwa watoto, humo humo nyumbani, kwa mate, matapishi na uchafu wa choo. Wengi hukaa na viini hivyo maisha yote bila kupata kidonda, kwa hiyo usiogope. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika. Chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa. Usimtafunie mtoto chakula kisha ukamlisha. Kiponde kwa kijiko.

Tumefika mwisho wa mazungumzo ya leo. Kama kwako yuko mtu ambaye amekuwa na alsa miaka mingi, wiki hii usimnunulie maziwa zaidi. Mshike mkono mwende kituoni akapimwe. Akipewa dawa, zihesabu naye mpaka siku ya 14. Na usisahau kumuuliza rangi ya choo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni dawa gani za maumivu zilizomo nyumbani kwenu? Someni pakiti zake pamoja.
2. Mgonjwa amepata nafuu siku ya tano na anataka kuacha dawa. Utamwambia nini?
3. Usiku mzee wenu akitapika damu, ni gari la nani mtaliita, na nani ataandamana naye?