Rais Hutolewa kwa Hesabu: Somo la Washington, Nairobi na Lanet

Tangu Donald Trump arudi Ikulu ya Marekani tarehe 20 Januari 2025, kuna swali moja ambalo ndugu zangu wa Mombasa na Kilifi huniuliza kwa simu kila habari za Washington zinapochafuka: mbona wasimtoe tu? Huku Lanet ninakoishi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, majirani huuliza lilo hilo, lakini wao humalizia na swali la pili: na wetu je, anatolewaje?

Maswali hayo mawili yana jibu moja. Wengi wetu tunadhani rais hutolewa kwa sababu amekosa. Kosa huanzisha kesi tu. Kinachoimaliza ni hesabu ya kura za wabunge, na wabunge hao ni sisi tuliowapeleka.

Wamarekani hufanyaje

Marekani ina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435, na likipata wingi wa kawaida linaweza kumshtaki rais. Hapo rais bado hajatoka. Ni kama amesomewa mashtaka. Kesi yenyewe husikizwa na Seneti yenye watu 100, na ili rais ang'oke zinahitajika thuluthi mbili, yaani kura 67 wote wakiwapo.

Tangu nchi hiyo iundwe, hakuna rais aliyewahi kufikiwa na thuluthi mbili hizo. Andrew Johnson aliponea kwa kura moja tu mwaka 1868. Bill Clinton alishtakiwa Desemba 1998, akaachiliwa Februari 1999. Trump alishtakiwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa 18 Desemba 2019 kwa mambo ya Ukraine, na Seneti ikamwachilia. Kutoka chama chake mwenyewe ni Mitt Romney peke yake aliyesema ana hatia. Mara ya pili ilikuwa 13 Januari 2021, wiki moja baada ya wafuasi wake kuvamia jengo la Bunge. Maseneta 57 walisema ana hatia, 43 wakakataa. Wengi walimwona na makosa, lakini kura 10 zilipungua.

Sasa mtazame Richard Nixon. Yeye hakupigiwa kura hata moja na baraza zima, lakini alijiuzulu Agosti 1974. Kwa nini? Kwa sababu wakubwa wa chama chake mwenyewe walimwendea wakamwambia kwamba kura za kumwokoa hazipo tena. Chama kikimwacha rais, ameondoka. Chama kikisimama naye, hata kosa likionwa na dunia nzima kwenye runinga, atabaki. Na kwa vile Wamarekani wa leo wamegawanyika nusu kwa nusu, kila mtu na chama chake, thuluthi mbili zimekuwa kama maji ya mwezi.

Sheria yetu inasemaje

Katiba yetu ya 2010 ilichukua mengi kwa Wamarekani, lakini kamba tuliikaza zaidi. Kifungu cha 145 kinataja sababu tatu za kumwondoa Rais: kukiuka Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kuwepo sababu nzito za kuamini kwamba ametenda jinai, au mwenendo mbaya uliokithiri. Kwanza hoja iungwe mkono na angalau thuluthi moja ya wabunge wa Bunge la Taifa. Kisha thuluthi mbili ya wabunge wote waipitishe. Tuna wabunge 349 wenye kura, kwa hiyo ni 233. Marekani wingi wa kawaida ungetosha hapo.

Baada ya hapo Spika ana siku mbili za kumjulisha mwenzake wa Seneti, na Seneti ina siku saba za kukutana. Inaweza kuteua kamati ya maseneta 11 ichunguze, au wasikize wote kwa pamoja. Mwisho zinahitajika tena thuluthi mbili: kura 45 kati ya 67. Muda wote huo Rais anaendelea na kazi yake.

Je, hawezi kushtakiwa kortini kama mtu mwingine? Kifungu cha 143 kinamkinga asifunguliwe kesi ya jinai akiwa ofisini, isipokuwa kwa makosa yaliyo katika mikataba ya kimataifa ambayo Kenya imeitia sahihi na ambayo yenyewe haitambui kinga hiyo. Kwa hiyo kwa mambo ya hapa nyumbani, mlango wa kumwajibisha Rais aliye madarakani ni Bunge.

Tuliyoyaona Oktoba 2024

Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa liliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo vijana waliingia majengo ya Bunge, na watu wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi mswada ule. Tarehe 11 Julai akalivunja Baraza la Mawaziri, akimwacha Musalia Mudavadi. Barabarani watu walikuwa wakipiga kelele moja tu, kwamba Rais aende. Lakini mwaka huo hakuna hoja ya kumwondoa Rais iliyofika kupigiwa kura.

Aliyeondoka ni naibu wake. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumtoa Rigathi Gachagua. Waliokataa walikuwa 44. Tarehe 17 Oktoba Seneti, chini ya Spika Amason Kingi ambaye sisi tunamjua tangu alipokuwa gavana wa Kilifi, ilimpata na hatia kwa mashtaka 5 kati ya 11, wakati yeye akiwa amelazwa hospitalini. Gachagua alikimbilia kortini, lakini tarehe 1 Novemba Kithure Kindiki aliapishwa kushika nafasi yake.

Simtetei Gachagua. Maneno yake kwamba serikali ni kama kampuni yenye hisa, aliyewekeza kura nyingi ale kwanza, yalituumiza sisi wa Pwani kuliko wengi, maana kwa hesabu hiyo tungebaki mlangoni na sahani tupu. Lakini maneno hayo aliyasema tangu mapema, na wengi waliomhukumu walikuwa wakimpigia makofi. Kosa lilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni hesabu. Alikosana na Rais, na wakati huo watu wa ODM walikuwa wameshaingia serikalini. Hassan Joho wetu aliapishwa kuwa waziri Agosti 2024. Upande wa serikali na upande wa upinzani vikakaa meza moja, kura 233 zikapatikana na nyingine zikabaki.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike. Kifungu kile kile kinachomtoa naibu aliyepoteza marafiki kinashindwa kumgusa mkubwa mwenye marafiki. Nairobi na Washington hapo ni ndugu wa tumbo moja.

Akitolewa, anaweza kurudi?

Hapa ndipo tunapoachana na Wamarekani. Kwao, hata rais akipatikana na hatia, Seneti inapaswa kupiga kura nyingine ya kumzuia asigombee tena. Trump aliachiliwa mara zote mbili, kwa hiyo kura hiyo haikufikiwa, na Novemba 2024 akashinda uchaguzi akarudi.

Kwetu mambo ni makali, na somo hilo lilifanyika mlangoni petu. Mike Sonko alitolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020. Mwaka 2022 akaja Mombasa kutaka ugavana kwa tiketi ya Wiper. Mnakumbuka vurumai ya mahakamani. Tarehe 15 Julai 2022 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali rufaa yake, na jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura Mombasa ilipochagua gavana tarehe 29 Agosti. Aliyeondolewa kwa kuvunja Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, hafungiwi kaunti moja. Hufungiwa nchi nzima.

Kwa nini Lanet wanalichukulia kwa uzito

Mtu wa Pwani anaweza kuniambia haya ni mambo ya wakubwa. Huku Nakuru hawasemi hivyo. Uchaguzi wa rais wa Desemba 2007 ulipoharibika, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Nakuru na Naivasha ziliwaka mwishoni mwa Januari 2008. Hapa wanaishi Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya na Wakisii, ukuta kwa ukuta, na ugomvi wa urais uliingia ndani ya ploti.

Na msidhani Pwani iliepuka. Barabara inayopita hapa Lanet ndiyo inayobeba mizigo ya Bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Uganda. Ilipofungwa, makontena yalirundikana Kilindini na Uganda ikakosa mafuta. Moto wa Nakuru huzima jiko la kuli wa Mombasa.

Nani aliwajibika? Kesi ilipelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Uhuru Kenyatta alishtakiwa kwa mambo ya Nakuru na Naivasha hasa, na tarehe 8 Oktoba 2014 akawa rais wa kwanza aliye madarakani kufika mbele ya mahakama hiyo. Desemba mwaka huo mwendesha mashtaka aliondoa mashtaka kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na kesi ya Ruto ikakatizwa Aprili 2016. Hawakupatikana na hatia. Lakini waliofiwa huku bado hawajaambiwa ni nani aliyewaua watu wao. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kuna njia nyingine ambayo Lanet inaijua kuliko mji wowote wa Kenya. Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, wanajeshi wa Tanganyika waliasi, kisha wa Uganda, na tarehe 24 ikawa zamu ya kambi ya hapa Lanet. Malalamiko yalikuwa mishahara na kuendelea kuamrishwa na maafisa Waingereza. Uhuru wetu ulikuwa na wiki sita tu. Serikali ya Jomo Kenyatta iliita askari wa Uingereza wakauzima uasi, waasi wakapelekwa mahakama ya kijeshi, na kikosi kikavunjwa. Malalamiko yao mengine yalikuwa ya haki, lakini bunduki haikuyatatua.

Leo Lanet ndipo kilipo chuo cha kijeshi kinachofunza makadeti, na Rais huja kuwatunuku vyeo akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Hata hivyo Kifungu cha 241 kinasema jeshi haliwezi kutumwa kutuliza ghasia za raia bila idhini ya Bunge la Taifa. Juni 2024 jeshi lilipotangazwa kutoka, Bunge ndilo lililoidhinisha. Tazama tena: jambo zito kabisa, na ufunguo uko kwa mbunge.

Basi tufanye nini

Kwanza, tuache kuuliza tu kama Rais amekosa. Tuulize mbunge wetu alipiga kura gani. Kila anachosema bungeni huandikwa katika Hansard, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kabla ya kumpa maikrofoni harusini au matangani, mwulize ile kura ya mwisho alisimama wapi na kwa nini.

Pili, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kusikiza maoni ya umma. Oktoba 2024 wananchi waliitwa katika kaunti zote kutoa maoni kuhusu Gachagua. Tukiitwa tena, twende na hoja, tusiende kwa nauli iliyolipwa na mkubwa.

Tatu, tuhadhari na mapatano ya wakubwa. Tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila Odinga walitia sahihi makubaliano ya kushirikiana. Amani ni njema, na huku Nakuru hakuna anayeikataa. Lakini upinzani ukikaa mezani na serikali, yule aliyepaswa kuhesabu makosa ya mwenye nyumba amekuwa mgeni wake. Ndiyo maana Wamarekani waliogawanyika wanashindwa kumtoa rais, na sisi tunaopatanishwa kutoka juu tunashindwa vilevile.

Agosti 2027 utapewa karatasi kadhaa za kura. Watu hupigana kwa ajili ya ile ya urais, na ile ya mbunge huitia alama haraka, kwa sababu ya lesso, fulana, au kwa sababu ni mtoto wa mtaa. Karatasi hiyo ndogo ndiyo inayomchagua hakimu wa Rais. Ukimchagua anayenunulika, usimlaumu aliyemnunua.