Mvua ya Mawe, Nuru na Bilauri: Kwa Nini Kiangavu Hutoweka Majini

Alasiri nyingi, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukwea nyanda za juu za Kericho na Bomet, mawingu yakatanda, na mvua ya mawe ikashuka juu ya mashamba ya chai. Mkulima huihesabu hasara yake kwa majani mawili na chipukizi yaliyokatika kabla ya mchumaji kuyafikia. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya Kericho walijaribu hata kurusha maroketi mawinguni, na kutawanya iodidi ya fedha kwa ndege, ili kuupunguza uharibifu huo.

Mtoto aokotaye jiwe moja na kulitumbukiza katika karai la maji safi huona ajabu nyingine. Sehemu inayoelea juu ya maji humetameta; iliyozama hutoweka, isipokuwa kiini cheupe kama maziwa.

Siri imo katika mwendo wa nuru. Nuru hupungua kasi iingiapo katika kitu kiangavu, na kiasi cha upungufu huo huelezwa kwa kipimo cha mpindo. Cha hewa ni takribani 1.00, cha barafu 1.31, cha maji 1.33. Jicho haliioni barafu yenyewe. Huuona mpaka wake, pale nuru inapopinda na sehemu yake kuakisiwa. Kati ya hewa na barafu, nuru iangukayo wima huakisiwa karibu asilimia 2. Kati ya maji na barafu huakisiwa chini ya sehemu 1 kwa 10,000, na iliyobaki hupita bila kupinda sana. Mpaka upo, ila hakuna kinachouonyesha. (Ndiyo maana 'kiangavu' na 'kisichoonekana' si visawe, ingawa wengi huyachanganya maneno hayo.)

Kiini hubaki cheupe kwa kuwa kimejaa viputo vya hewa vilivyonaswa maji yalipoganda upesi, na kila kiputo ni mpaka mwingine wa hewa na barafu. Tabaka angavu liliganda polepole, hewa ikapata wasaa wa kutoka. Karai la maji, basi, hufichua safari ya jiwe ndani ya wingu.

Jikoni jambo hili si mchezo tena. Kipimo cha mafuta ya kupikia ni kama 1.47, cha kioo cha kawaida 1.52, na cha kioo kinachostahimili joto, kile cha fimbo na chupa nyingi za maabara, 1.47 vilevile. Kipande cha bilauri kilichoanguka majini bado huonyesha kingo zake. Katika mafuta hufifia mno, na cha chupa ya maabara hupotea kabisa. Kuyamulika mafuta hayo kwa kurunzi hakusaidii sana, maana mpaka usioakisi nuru hauzinduliwi na nuru zaidi. Heri kuyamwaga.