Sumu ya Shambani na Mwili wa Mtoto

Nikotini hupenya ngozi. Jani bichi la tumbaku likilowa umande au mvua, nikotini huyeyuka kwenye maji hayo na kuingia mwilini mwa anayelivuna, hata kama hajawahi kuvuta sigara. Baada ya saa chache huanza kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Hali hiyo kwa kawaida hutulia baada ya siku moja au mbili, ila mtoto huzidiwa upesi kwa sababu mwili wake ni mdogo na haujaizoea nikotini.

Mkoani Tabora hatari hii imo ndani ya riziki yenyewe. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanzishwa wilayani Urambo na kwingineko mwaka 1947 uliporomoka, na tumbaku ikashika nafasi yake. Kazi za zao hili ni nyingi: kuhamisha miche, kupalilia, kuvunja maua, kuvuna, kufunga majani kwenye fito na kuchochea moto wa mabani ya kukaushia majani usiku kucha. Uchunguzi uliofanywa kwa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2001 katika wilaya za Urambo na Iringa Vijijini ulihusu watoto wanaofanya kazi hizo.

Juu ya nikotini kuna viuatilifu. Mmoja wa Watanzania walioishughulikia sumu hiyo kwa muda mrefu ni Vera Ngowi, mtafiti wa afya aliyefanya kazi katika taasisi ya viuatilifu ya TPRI, Arusha, kisha Chuo Kikuu cha Muhimbili. Njia yake ni ya moja kwa moja: kumuuliza mkulima anapulizia nini, anachanganyaje, na anajisikiaje baadaye. Utafiti alioutoa na wenzake mwaka 2007 kuhusu wakulima wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulikuta asilimia 68 waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kupulizia dawa kwa kawaida tu. Hawakuwa wamepata ajali. Walikuwa wakifanya kazi yao ya kila msimu, na hilo ndilo linalotisha.

Kuhusu watoto, Ngowi alishirikiana na watafiti Elikana Lekei na Leslie London. Mwaka 2006 walifuatilia vituo 10 vya afya nchini kwa miezi kumi na miwili, wakapata watoto 53 walioathiriwa na viuatilifu. Karibu nusu ilikuwa ajali, na ajali hizo ziliwapata zaidi wenye umri wa miaka 10 au chini. Katika asilimia 30 hivi, mtoto alikusudia kujidhuru, na hao walikuwa wakubwa zaidi. Sumu zilizotajwa ni pamoja na oganofosfati, parakwati, fosfidi ya zinki na endosulfani, ambayo mwaka 2011 iliwekwa kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa Stockholm ili ikomeshwe.

Mtoto huathirika zaidi kwa sababu zinazoeleweka. Eneo la ngozi yake ni kubwa ukililinganisha na uzito wake, anapumua haraka kuliko mtu mzima, anatia mikono mdomoni, na ini lake bado halijakomaa vya kutosha kuvunja sumu. Oganofosfati huzuia kimeng'enya ambacho kwa kawaida huzima ishara za neva. Kikizuiwa, mate, machozi na jasho hutoka kwa wingi, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na katika hali mbaya pumzi hukatika.

Kila sumu hushughulikiwa kwa njia yake, kwa hiyo jina lake lina uzito hospitalini. Dawa ya atropini huokoa aliyeathiriwa na oganofosfati, lakini haifai kitu kwa parakwati, ambayo haina kiuasumu. Mzazi anayemkimbiza mtoto zahanati achukue chupa au pakiti yenye lebo, na muuguzi aandike jina la dawa badala ya neno "sumu" peke yake. Dawa ikihamishiwa kwenye chupa ya soda lebo hiyo hupotea, na mtoto hudhani ni kinywaji. Inapaswa kubaki kwenye chombo chake, ndani ya stoo yenye kufuli, mbali na jiko na mahali pa kulala.

Kwa upande wa nikotini, kinga kubwa ni kutomtuma mtoto kuvuna, na nguo za mvunaji zifuliwe peke yake. Tanzania iliridhia mwaka 2001 mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka walio chini ya miaka 18 waondolewe kwenye kazi zinazohatarisha afya zao.