Mwalimu Naye Huhitaji wa Kumwuliza

Wengi wetu tutakuwa walimu, na baadhi yenu mliokwisha toka shuleni mmekuwa walimu tayari. Kwa hiyo napenda kueleza jambo ambalo sisi wanafunzi hatulifikirii sana.

Mwalimu mpya apelekwapo shule ya mbali hupewa chaki na darasa. Somo likimshinda, amwulize nani? Akinyamaza, ataendelea kukosea, na watakaopata hasara ni watoto.

Mfano mzuri naupata kwa jirani zetu wa Kenya. Huko Turkana iko kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Walimu wengi wa shule zake ni wakimbizi wenyewe. Wengi hawakupata kwenda chuo cha ualimu, na darasa moja laweza kuwa na watoto zaidi ya 100. Mwaka 2016 chuo cha New York kiitwacho Teachers College, pamoja na mashirika yaliyoko kambini, kilianza kuwafundisha walimu hao.

Kazi ile ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, walimu walikusanywa wakafundishwa wajibu wao, usalama wa watoto, na namna ya kupanga masomo. Pili, walitembelewa darasani na washauri, tena wakakutana wao kwa wao kuzungumza juu ya kazi. Tatu, ilitumika simu: walimu wachache wachache waliunganishwa kwa WhatsApp na walimu wazoefu wa nchi nyingine. Mwenye shida, kama ya kutuliza darasa kubwa, aliweza kuiandika, na wenzake wakamjibu.

Nadhani utaratibu huo una maana kubwa. Simu peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu huona haya kuwaambia wageni kwamba kazi yamshinda. Lakini akiwa pamoja na wenzake aliokaa nao na kujifunza nao, husema.

Basi, ninyi mlio walimu, msingoje watu wa mbali. Walimu watatu wa shule za jirani wakikutana Jumamosi moja kila mwezi, kisha wakiulizana kwa simu siku za kazi, wamekwisha anza. Na sisi tulio bado shuleni, tujuane mapema, tusipoteane. Kidole kimoja hakivunji chawa.