Kopo la marashi si mrashi: tahadhari za kunukiza nyumba wakati wa baridi

Baridi ikiingia Toronto, madirisha hufungwa na hayafunguliwi vizuri mpaka Aprili. Harufu ya samaki wa kukaanga hubaki kwenye mapazia siku mbili tatu. Basi watu wetu wa Zanzibar, Mombasa na Maskati walioko huku hawaachi mambo yao: Ijumaa chetezo kinawashwa, halafu makochi na mazulia yanapulizwa yale marashi ya kopo aliyoyaleta shangazi kutoka Dubai. Mgeni akiingia, mashallah, nyumba inamkaribisha tangu mlangoni.

Mimi nilifundisha sayansi miaka mingi katika sekondari ya misheni, na sasa nimestaafu, nipo na wajukuu. Kinachonitia wasiwasi si udi, wala si marashi. Ni kuviweka viwili hivi pamoja: makaa ya moto na kopo la kupuliza, chumba kimoja, wakati mmoja, madirisha yamefungwa.

Ndani ya kopo mna nini?

Wazee wetu walitumia mrashi. Ndani yake mlikuwa na maji ya mawaridi, kama yale yanayotengenezwa Jabal Akhdar, na ukiyanyunyiza karibu na jiko hayadhuru kitu. Kopo ni jambo jingine kabisa. Kinachoyasukuma marashi yatoke ni gesi iliyobanwa, na mara nyingi gesi hiyo ni propani na butani, yaani ile ile ya mtungi wa kupikia.

Zamani makopo mengi yalitumia gesi za CFC, ambazo haziwaki. Zilipogundulika kuwa zinaharibu tabaka la ozoni, nchi zikaanza kuziacha, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaweka njia ya kuziondoa duniani. Mbinguni tukapata nafuu, lakini jikoni tukaletewa gesi inayoshika moto.

Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ukipuliza haipandi juu, inashuka sakafuni. Na sakafuni ndiko tunakoweka chetezo, na ndiko ziliko hita za umeme za ukutani katika fleti nyingi za huku.

Chupa za pampu hazina gesi, lakini nyingi zina spiriti, na mvuke wa spiriti unashika moto hata kwa joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo nazo zisikaribie makaa.

Namna ya kutumia

Shika utaratibu mmoja: udi kwanza. Makaa yakishazimika kabisa na chetezo kimepoa, ndipo upulize. Ikiwa una haraka, chagua kimoja siku hiyo. Usipulize jikoni jiko likiwa linawaka, wala juu ya mshumaa, taa yenye joto au soketi ya umeme. Nguo uliyoipulizia sasa hivi usiivae ukasogelea jiko. Iache ikauke kwanza.

Puliza kidogo, kisha fungua dirisha dakika chache hata kama nje kuna theluji. Baridi ya dakika tano haiui mtu. Mwenye pumu, mtoto mchanga na ndege wa kufugwa watolewe chumbani mpaka hewa itulie.

Halafu kuna hili la king'ora cha moshi. Najua wako wanaokifunika mfuko wa plastiki au kukitoa betri ili udi usikiamshe. Jamani, msifanye hivyo. Hapa Ontario sheria inataka king'ora kwenye kila ghorofa ya nyumba na nje ya vyumba vya kulala, na kukizima makusudi ni kosa. Sogeza chetezo mbali nacho, fungua dirisha, king'ora kiache kifanye kazi yake.

Namna ya kuweka

Makopo ya Kanada huandikwa yasiwekwe penye joto linalozidi nyuzi 50. Nanyi mlioko Maskati, Dubai na Doha mnajua gari lililofungwa juani mwezi wa Julai linavyokuwa: linapita hapo kwa mbali. Kopo lisikae garini hata kwa saa moja. Sisi wa huku hatari yetu ni juu ya hita, juu ya friji karibu na jiko, na dirishani penye jua. Liweke kabatini, mahali pakavu na pa baridi, juu wasikofika watoto.

Soma alama. Kanada huchora picha: kopo linalopasuka, maana yake linaweza kulipuka, mwali wa moto, maana yake linawaka, fuvu la kichwa, maana yake ni sumu. Makopo ya kutoka Ghuba huenda yasiwe na picha hizo, lakini tafuta maneno ya Kiarabu *qabil lil-ishtial*. Ukiyaona, ujue linashika moto.

Mtoto akijipulizia machoni, osha kwa maji ya vuguvugu dakika 15. Akinywa, usimtapishe. Kanada piga kituo cha sumu, 1-844-764-7669; akipumua kwa shida au akizimia, 911. Oman ni 9999. Na wenye vijana wakubwa, zungumzeni nao: kuvuta gesi ya kopo kwa mchezo kunaweza kusimamisha moyo papo hapo, hata mara ya kwanza.

Mnaponunua na mnaposafiri

Angalieni pia matangazo ya bidhaa zinazorudishwa. Mwaka 2021 Marekani, chupa za kupuliza za lavenda zilizouzwa Walmart zilikutwa na bakteria wa ugonjwa wa melioidosisi. Watu wanne waliugua, wawili wakafa, mmoja wao mtoto. Chupa zipatazo 3,900 zikarudishwa. Ukisikia tangazo la namna hiyo, usiseme "yangu inanukia vizuri tu", irudishe.

Kwenye ndege, manukato ya mwilini yanaruhusiwa katika begi la kupakia: kila chupa isizidi nusu lita, na jumla isizidi lita 2 kwa abiria. Lakini kopo la kunukiza nyumba lenye gesi ya kuwaka haliruhusiwi, si mkononi wala kwenye begi. Shangazi na atuletee udi na mafuta, kopo aliache.

Kopo likichakaa usilitoboe wala usilichome. Lenye kitu ndani bado ni taka ya hatari. Toronto lipeleke kwenye vituo vya Jiji vinavyopokea taka za namna hiyo.

Kabla ya Ijumaa hii, fungua kabati unamoweka chetezo, mkaa na kiberiti. Ukikuta na kopo humo humo, litoe leo.