Homa ya uti wa mgongo siyo UTI, na wala siyo mgongo kuuma

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea mtaji wa kwanza kabisa, yaani wewe mwenyewe na watoto wako.

Mimi nauza madera na vitenge mtandaoni, nipo Chumbi huku Rufiji. Kwenye kuchati na wateja nimeona kuna ugonjwa unachanganya watu kwa sababu ya jina lake: homa ya uti wa mgongo. Mmoja kaandikiwa UTI kwenye cheti, anadhani ndo huo. Mwingine mgongo unamuuma kwa kubeba mabelo, naye anadhani ndo huo. Wote hapana.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Homa ya uti wa mgongo ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Jina limetaja mgongo tu, ubongo halikuutaja. Ndo maana mtu anasubiri mgongo uume, kumbe ugonjwa unajionyesha kichwani na shingoni.

DALILI ZAKE
1. Homa kali, mara nyingi ya ghafla.
2. Kichwa kuuma sana, kutapika, mwanga kuumiza macho.
3. Shingo kukaza, kidevu kinagoma kugusa kifua.
4. Kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, au degedege.
5. Wengine hutoka madoa mekundu au ya zambarau ambayo ukiyabonyeza hayapotei.

Mtoto mchanga hawezi kukwambia kichwa kinauma. Angalia kama hanyonyi, amelegea au amekakamaa, analia kilio kikali kisichobembelezeka, au utosi umevimba.

Si lazima dalili zote zije pamoja. Sisi tunaoinamia simu kutwa shingo inakaza kweli, lakini shingo ya simu haileti homa. Ukiona homa pamoja na kichwa kikali au shingo ngumu, usimeze panadol ukasema umalizie oda kwanza. Ukiwa umesababishwa na bakteria, unaweza kuua ndani ya saa 24. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wagonjwa 6 wa aina hiyo, mmoja hufariki, na katika kila 5, mmoja hubaki na madhara makubwa kama uziwi.

MALARIA NA DEGEDEGE
Huku kwetu kila homa tunaiita malaria. Lakini kipimo kikionyesha malaria, hakijasema kwamba uti wa mgongo haupo. Mwambie mhudumu habari ya shingo na kichwa. Na mtoto akipata degedege, iwe ni malaria au ni huu, pa kwanza ni kituo cha afya. Mengine ya nyumbani yatasubiri.

WALIO KWENYE HATARI ZAIDI
- Watoto wadogo, hasa wasiomaliza chanjo. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinakinga baadhi ya bakteria wanaoleta ugonjwa huu.
- Wenye selimundu, na waliotolewa bandama.
- Wenye VVU ambao kinga imeshuka. Hawa kuna fangasi anayeingia taratibu: kichwa kinauma wiki kadhaa, homa ndogo, na shingo inaweza isikaze kabisa. Wasipuuzie.
- Wanaolala wengi sehemu moja: mabweni, magereza, kambi kama zile za mafuriko ya Aprili 2024 hapa Rufiji.
- Wanaosafiri kwenda hija na umra. Saudi Arabia inataka cheti cha chanjo hii, na uwe umechanjwa angalau siku 10 kabla ya kufika.

Msiseme ni ugonjwa wa mbali. Mwaka 2021 mlipuko wa Banalia, kaskazini mashariki mwa Kongo, uliua watu zaidi ya 200.

JE, MZIGO UNAAMBUKIZA?
Usiogope mzigo wala noti ya mteja. Bakteria wa milipuko hupita kwa mate na makohozi kwa watu wanaokaa karibu muda mrefu: nyumba moja, chumba kimoja. Wa nyumbani kwako akiugua, muulize daktari kama na nyie mnahitaji dawa ya kujikinga.

MSIKIMBIE SINDANO YA MGONGONI
Wengi wanakataa, wanasema inapoozesha. Sindano hiyo inachomwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kuchukua maji ya kupima. Bila hayo maji ni vigumu kujua kama ni bakteria, virusi, fangasi au TB, na kila kimoja kina tiba yake. Ndo maana dawa ya kubahatisha duka la dawa haifai hapa.

La mwisho, la kibiashara. Kutoka Chumbi hadi hospitali ya Utete au Mchukwi ni safari, na mvua ikinyesha ndo kabisa. Kwenye simu yako tenga nauli ya dharura ambayo hununulii mzigo, na uwe na namba ya boda au mwenye gari anayepokea hata usiku wa manane. Ukiwa na swali la afya, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Mteja mwambie tu unaumwa. Wa kwako atasubiri.