Pua Inavyoweza Kuliponya Goti

Mfupa ukivunjika hujiunga wenyewe. Gegedu la goti likichanika hubaki vivyo hivyo, kwa sababu halina mishipa ya damu, na lishe yake hupenya polepole kutoka kwenye ute wa kiungo. Seli zake nazo ni chache mno, tena kila moja imefungiwa mahali pake, haiwezi kukimbilia penye jeraha. Tiba basi ni kupeleka seli nyingine. Zitoke wapi?

Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Sweden, walitangaza matokeo ya wagonjwa 23. Walikata kipande kidogo cha gegedu kwenye goti lenyewe, wakazizalisha seli zake maabara, kisha wakazirudisha penye jeraha. Njia hiyo ingali inatumika, ila goti bovu hulazimika kujeruhiwa tena. Isitoshe, seli zikizalishwa juu ya sahani bapa hupoteza tabia yake: huacha kutengeneza kolajeni ya aina ya 2, inayolipa gegedu uimara wake, zikatoa aina ya 1, ile ya kovu.

Chanzo kingine ni uboho: seli shina zake, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa za aina mbalimbali, huzaana vizuri. Tatizo ni kwamba zikishakuwa gegedu haziishii hapo. Huelekea kuwa mfupa.

Mimi natumainia zaidi pua. Huko Basel, Uswisi, watafiti walichukua kipande cha gegedu cha milimita 6 kutoka ukuta unaotenganisha matundu ya pua, kwa ganzi ya mahali tu. Baada ya wiki nne seli zile zilikuwa zimejaa kwenye utando wa kolajeni, ukapandikizwa gotini. Matokeo ya wagonjwa 10 wa kwanza yalichapishwa mwaka 2016. Majaribio kwa mbuzi yalikuwa yameonyesha jambo la ajabu: seli za pua zikikaa gotini huanza kuwasha jeni za huko, kama mgeni aliyejifunza lahaja ya wenyeji.

Hata hivyo, wagonjwa 10 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Tena jeraha lilikuwa la mahali pamoja, si goti zima lililolika kwa umri.

Kwa hiyo ukiuziwa sindano ya seli shina ya kutibu goti, uliza zimetoka wapi, zimekuzwaje, na nani amewafuatilia waliodungwa kwa angalau miaka miwili. Ukikosa jibu, usitoe pesa yako.